Mama wa Jikoni

Alikuja kwa wiki chache tu, kumsaidia binti yake aliyejifungua. Huko alikotoka majirani walimmwagia sifa: "Unakwenda kula raha kwa mwanao!" Naye alijibu kwamba hataki raha, anataka tu kukaa na mwanawe mbele ya watu, aitwe mama.

Jumamosi wakaja marafiki wa binti, wake wa nyumba zenye mageti, kumwona mtoto. Mama akaona si vizuri wageni wakae midomo mikavu. Akabeba sinia la chai mwenyewe, kitambaa kichwani. Mke wa wakili, aliyekaa karibu na mlango, akapokea kikombe bila kumtazama usoni.

"Shoga, huyu umemtoa wapi? Mtu mzima, msafi, wala hana simu mkononi!"

Mama akasimama na sinia lake akitabasamu, akingoja mwanawe acheke, aseme, nyie, huyo mama yangu. Binti akafungua mdomo, akaufunga. Wenzake alikwishawaambia kwamba mama yake ni mtu wa safari, yuko ng'ambo.

"Nimeletewa na jamaa," akasema. "Weka tu hapo, dada."

Dada! Mama akajikaza kisabuni, akaweka, akarudi jikoni. Ila mlango aliuacha wazi kidogo. Pengine anaona haya, akawaza, akitulia atasema.

Sebuleni soga lilishapamba moto. Wanawake wale wakigusa habari za wasichana wa kazi, hata mtoto mchanga husahauliwa. Wa mmoja alijipulizia manukato ya bosi. Wa mwingine aliondoka na pasi, tena aliaga vizuri kabisa. Kila mmoja alitaka wake ndiye awe mbaya zaidi, kama wagonjwa wanaoshindania maumivu.

"Basi nipe huyu," akasema mke wa wakili. "Kwangu atapata chumba chenye dirisha."

"Weee! Simtoi ng'o. Mwaminifu kama huyu nitampata wapi siku hizi?"

"Tumuulize mwenyewe. Dada! Hebu njoo."

Mama akaja akijifuta mikono. Mjukuu alikuwa amelala mapajani mwa binti.

"Utakuja kwangu? Sema kweli, usimwogope bosi wako."

Mama akamtazama mwanawe. Sasa atasema, akawaza, hapa hana pa kupitia. Binti alikuwa ametoa meno yote nje, lakini macho yalikuwa yanaomba, kama yalivyoomba utotoni akivunja kitu na baba yake yuko mlangoni.

"Hapa nimeshazoea," mama akasema. "Bosi wangu ana roho nzuri."

Wakampigia makofi binti. "Una bahati, shoga!"

Wageni walipokwenda, binti akamwangukia mama yake shingoni, akalia. "Umeniokoa, mama. Hawa watu huwajui."

"Kwani ungesema, ingekuwaje?"

"Mama, jamani. Tusianze."

Jumatatu binti akarudi kutoka madukani na zawadi, imefungwa kwa utepe. Ilikuwa aproni, rangi moja na mapazia ya sebule.

"Nimeichagua mwenyewe," akasema. "Wakija tena Jumamosi, upendeze."

Mama akaivaa. Binti akamzunguka, akamfungia kamba mgongoni taratibu, mikono laini, kama anayemvisha bibi harusi.

"Ina mifuko," mama akasema, maana ilibidi aseme kitu.