Mtaa Ulivyonizimia Redio

Mtaa wetu wa Kuze una heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniponza. Watu wakinisikia nikisema hivi hunikatiza: "Astaghfirullah, bibi, usiseme hivyo." Nitasema. Nimenyamaza vya kutosha, na wengi walionitaka ninyamaze wameshatangulia mbele ya haki.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya sitini. Mimi mke wa mtu, miaka ishirini sijaitimiza. Mume wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, kazi yake huko chini kwenye mitambo, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikimwona wiki chache tu. Safari moja alirudi na redio ndogo ya mawe ya betri, ina kifuko cha ngozi na mkanda wa kutia begani. Akanipa, akasema, "Hii ikusemeze nikiwa sipo." Dhahabu hakuwahi kunipa, lakini kwa redio ile nilimsamehe mengi.

Jumamosi, baada ya alasiri, kulikuwa na kipindi cha nyimbo za vijana. Nyimbo za Kizungu za wakati ule, za magita na vinanda, na za Wamarekani weusi wanaoimba mpaka sauti inawakatika. Mtangazaji alikuwa kijana wa hapa hapa mjini, hupiga nyimbo kadhaa kwa mfululizo kisha akazungumza juu yake kwa Kiswahili safi. Redio naiweka dirishani. Shoga yangu, wa nyumba ya kukabiliana na yetu, huvuka uchochoro na sahani ya kashata, tukaketi mkekani, na nyimbo zikiisha ndipo ubishi unapoanza. Madirisha ya jirani nayo hufunguka, kila mwanamke akatoa lake.

"Huu wa kwanza leo umenitoa machozi," shoga atasema. "Maskini, mwanamume analia vile!"

"Analia wapi? Huyo anadai. Mtu mwenye kilio hashiki mdundo namna ile."

"Wewe huna moyo."

"Moyo ninao. Na masikio ninayo pia."

Masikio niliyapata kwa nyanya yangu, aliyekuwa mpiga ngoma za chakacha, akiitwa harusi za mji mzima. Alinifundisha kuisikiliza ngoma ndogo, chapuo, na ngoma kubwa, vumi, nijue ni ipi inayoivuta mwenziwe. Basi nyimbo za Kizungu nikazisikiliza vivyo hivyo. Wimbo ukiwa na pupa nasema, "Hapa chapuo limelikimbia vumi." Kinanda kikizidi nasema wamemimina tui mpaka wali umekuwa uji. Na akitokea mwanamke anayeimba kwa kujizuia, akaja kuachilia mwishoni, nasema huyu harusi anazijua, hachoki kabla bwana harusi hajaingia. Wanawake madirishani hucheka wakashika mbavu. Sikuwa na jingine nililolijua duniani, lakini hilo nililijua.

Mtangazaji yule alikuwa binamu wa shoga yangu. Siku moja akatangaza kwamba anatafuta mwanamke mmoja wa Mji wa Kale, msikilizaji, awe akienda kituoni kila Jumamosi kueleza nyimbo za wiki iliyopita zilikuwa na nini. Jina halitatajwa, wala sura haitaonekana. Shoga akanirukia, "Ni wewe! Mimi nimeshamwambia, maneno anayo jirani yangu, mimi sina ila kucheka."

"Akuu! Mume wangu atakubali wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyosema kwa mdomo. Nilitolewa shule nikiwa darasa la saba, nikaozwa, na toka hapo hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje juu ya kitu chochote, ila samaki kama ameiva. Sasa mtu ananiita nikaseme, na Pwani nzima isikilize. Kiti kile nilikitaka. Nilikitaka kuliko nilivyopata kutaka mume, mtoto au nyumba, na sioni haya kusema.

Mtangazaji alikuja mwenyewe kuniombea ruhusa, mume wangu akiwa yuko likizo. Wakakaa barazani na kahawa yao, mimi niko nyuma ya mlango, na mavyaa wangu, mama wa mume, amenuna jikoni. Mume wangu alimaliza kikombe chake, kisha akasema, "Atakwenda na buibui lake, atarudi na buibui lake. Kitakachotoka ni sauti. Mimi sina neno." Wallahi, siku ile nilimpenda. Wakaafikiana nianze baada ya Idi. Yeye akarudi melini.

Idi hiyo hakuiona. Mitambo iliripuka wakiwa mbali, akaungua, akazikwa nchi ambayo mpaka leo sijui kaburi lake likoje. Habari aliileta karani wa wakala wa meli, amevua kofia mlangoni, na mavyaa akajua kabla hajafungua kinywa.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi: nguo nyeupe, hapana wanja, hapana udi, hapana asmini, hapana kutoka. Redio mavyaa aliifunga katika leso akaitia sandukuni. Sikumlaumu, alikuwa amempoteza mwana. Na mtaa nao, kwa desturi yetu, ukanyamaza. Penye mwenye eda, jirani hafungulii redio ikasikika nje. Wenye redio wakazishusha mpaka ikawa lazima mtu atie sikio. Jumamosi alasiri nilikuwa nikikaa karibu na dirisha, nasikia makubadhi ya wapita njia tu. Walidhani wananipunguzia majonzi. Mimi kilio changu nilimlilia mume wangu kwa haki yake, lakini kile kimya ndicho kilichokuwa kikiniua.

Shoga peke yake ndiye aliyenielewa, au hivyo nilidhani. Jumamosi haji, ati mamake hajiwezi. Huja Jumatatu, akampa mavyaa pole, akakaa na mimi kwenye kipembe cha chumba. Tunajifunika leso moja, vichwa viwili ndani, kama tunaosoma nyiradi. Humo ndani ananiimbia nyimbo za Jumamosi kwa mnong'ono sikioni, moja baada ya moja, gita anapiga kwa ulimi, ngoma ananipigia gotini kwa vidole. Nami nasema yangu. Tulicheka humo, Mungu atusamehe, tukijiuma midomo wasitusikie wanawake waliokuja na juzuu zao.

"Na binamu yako je?" nikimuuliza.

"Nimemwambia akungoje. Anasema kiti hakitembei, kipo."

Jambo moja nililiona nisilitie maanani. Nikisema neno zuri, alikuwa akinishika mkono: "Ngoja. Hebu rudia hapo, ulivyosema." Nami narudia. Nafurahi kuambiwa nirudie, mjinga mimi.

Basi chumba cha chini cha nyumba yetu, upande wa nyuma, mwenye nyumba akampangisha mtu wa bara, mfanyakazi wa reli. Mtu mpole, anatoka alfajiri, anarudi na mkate wake kwapani. Desturi yetu hakuna aliyemweleza, kila mtu alidhani mwenziwe ameshamwambia. Jumamosi ya kwanza aliyoshinda nyumbani, alasiri, akafungua redio yake yote.

Yarabi! Baada ya miezi ile, magita yakaja yamenijaa chumbani kupitia sakafuni. Nikasimama. Wimbo ukaisha, mtangazaji akasema kwa madaha, "Na sasa mabibi na mabwana, yule mnayemngojea, Sauti ya Kuze." Ikaja sauti ya shoga yangu. Ikasema ule wa tatu wa wiki iliyopita una pupa, chapuo limelikimbia vumi. Ikasema kinanda kimemiminwa mpaka wali umekuwa uji. Neno kwa neno, niliyoyasema Jumatatu chini ya leso. Hata pale mimi ninaponyamaza kidogo kabla ya kuchekesha, akanyamaza. Mtangazaji akacheka hoi.

Sikusikia zaidi. Wanawake wa mtaa walikwisha kumwagika uchochoroni: "We bwana! Zima! Zima hiyo, kuna eda hapa!" Redio ikakatika. Yule bwana akaja chini ya ngazi, akasema, "Samahani sana mama, sikuambiwa." Mavyaa akamjibu kwa ustaarabu kwamba hakuna neno. Nami niko nyuma ya pazia, sina ruhusa ya kumsemesha, nataka kupiga kelele, washa baba, washa tena! Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Kupona sikupona, lakini ugonjwa wangu niliujua siku ile.

Jirani mmoja, mama mtu mzima, alipanda kunituliza. Nikamuuliza, "Mlijua?"

Akatazama chini. "Tulijua sote, mwanangu. Zamani. Tulikuwa tukimsikiliza. Lakini mwenye eda hapelekewi neno la kumzidishia uchungu. Tukasema utajua mwenyewe ukitoka."

"Ndiyo mkazishusha redio?"

"Tulizishusha kwa ajili ya marehemu. Halafu, basi, ikawa ni kwa ajili yako pia."

Kwa ajili yangu! Mtaa mzima, kila dirisha, wamekaa wametia masikio redioni, wanacheka kwa maneno yangu, wanaona ni adabu mimi nisiyasikie. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Laiti wangekuwa nayo, ningejua wa kumtukana.

Jumatatu shoga akaja kama kawaida, akanyoosha mkono achukue leso. Nikaishika.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Na sisi nguo tulijifunika moja."

Hakukana. Alikuwa ameshapata habari. "Ungefanya nini wewe? Mwenye eda hatoki. Kipindi hakingoji. Angechukua mwanamke mwingine, pengine hata si wa hapa, na kiti kingekwenda. Mimi nimekukalia tu kiti kisipoe."

"Kiti umekikalia. Na maneno?"

"Maneno ni maneno, shoga. Ukiyasema yameshatoka."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje na wewe umefiwa?" Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, nayajua machozi yake. Akaniapia kwamba siku nitakayotoka edani atanichukua mwenyewe kwa binamu yake, anipishe. Akapangusa uso. Na hamtaamini, akaniinamia, akauliza taratibu, "Na ule wa mwisho wa juzi, niliokuwa sijakuimbia, hutaki kuusikia?"

Nikamwambia atoke. Nilimwambia kwa sauti iliyomfanya mavyaa aache tasbihi yake.

Zile wiki zilizobaki alikwenda redioni bila mimi, na nilijuaje? Kwa sababu mavyaa, yule aliyenuna jikoni, Jumamosi moja alifungua sanduku, akatoa redio ya mwanawe, akaisogeza sikioni mwangu, ndogo kabisa, akaenda zake kuswali. Hatukuzungumza juu ya hilo kamwe. Nikamsikia shoga akirudia yale ya zamani, akiyageuza geuza, akiyatia katika wimbo mpya. Bado watu walimpenda. Nami nikajipa moyo: yake yatakwisha, na yangu hayajaanza.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikatia wanja, nikavaa buibui. Ahadi aliitimiza, hilo siwezi kumnyima, alikuja kunichukua, tukaenda kwa miguu mpaka kituoni. Yule kijana mtangazaji alinipokea kwa heshima, akanipa pole ya marehemu, akanikalisha mbele ya kinasa sauti. Shoga akakaa ubavuni, ukutani. Kijana akapiga nyimbo mbili ambazo sijapata kuzisikia, akanionyesha kidole, nikasema.

Nilisema vizuri. Mimi nitajisifu, kwani hakuna mwingine wa kunisifu. Yalikuja yenyewe, ya nyanya yangu na yangu, mapya, hakuna hata moja nililopata kumwambia mtu. Nilipomaliza alivua vile vya masikioni, akanitazama kwa huruma.

"Bibi, sauti unayo," akasema. "Lakini sitaki kukudanganya. Huyu ndugu yangu aliniambia zamani kuwa wewe ndiye mwenye maneno, nikaamini, kwani sikuwahi kukusikia. Kumbe alikuwa anajishusha tu. Wewe unamwiga. Unasema kama yeye, unanyamaza kama yeye, hata hicho kicheko. Wasikilizaji watajua siku hiyo hiyo."

Nikamgeukia shoga. "Mwambie."

Alikuwa akilainisha buibui lake magotini. Akaniinulia uso, na wala hakuwa na hasira nami, akasema kwa upole, kama anayenitetea, "Si vibaya, binamu. Kila mtu huanza kwa kuiga."