Stoo ya Tende

Leo nimefungua kopo la tende ofisini, na ile harufu tamu, nzito, ikanirudisha utotoni.

Kwa bibi yangu, mjini Nizwa, Omani, stoo ya tende ilikuwa na kuta nene na haikuwa na dirisha. Shangazi yangu, aliyesomea Urusi, alikuwa akinichukua humo akaimba kwa sauti ya chini nyimbo alizofunzwa huko. Alinambia wanawake wanaoimba nyimbo zile hawashiki maikrofoni. Mtu husimama kando ya piano, na sauti yake ikamfikia aliyekaa nyuma kabisa. Aliporudi, bibi alimwapisha kwamba sauti ile isisikike nje ya nyumba.

Siku moja asubuhi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza wimbo tuliposikia komeo likisukumwa kwa nje. Bibi alifunga mlango akaenda zake, hajui kama tumo. Humo ndani ni giza na joto, na asali ya tende inanata miguuni.

"Ita, mwanangu," shangazi akaninong'oneza.

"Ita wewe, shangazi. Sauti yako kubwa."

"Itafika kwa majirani. Nimeapa."

Basi nikaita mimi. Nikaupiga mlango kwa viganja, nikaita mpaka sauti ikanikauka. Yeye kakaa juu ya magunia, kajiziba mdomo kwa mtandio. Nilimchukia.

Bibi alikuja kufungua adhuhuri. Aliponiona nalia, akamgeukia mwanawe.

"Na wewe mtu mzima umo humu humu! Huna sauti ya kuita?"

"Sina, mama."