Kijiti Ndani ya Paipu ya Maji

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo harufu yake bado iko puani mwangu: maji ya rejeta yakiungua juu ya chuma, barabara ya Kinna, jua limesimama kichwani. Nilikuwa msichana wakati huo, sijaolewa. Keti nikuambie, maana juzi nilipita hapo gereji yenu nikaona mnavyofunga vitu, na sikupenda.

Baba yetu alikuwa mfugaji wa Kinna. Kaka yangu Guyo, mtoto wake wa kwanza, alimsumbua mpaka akakubali ngamia wauzwe, tununue pikapu ya dizeli ya kubeba maziwa na abiria mpaka Isiolo. Mzee hakufurahi. Aliuliza, ngamia akivunjika mguu tunachinja, sasa gari likivunjika tutapika nini? Basi shika hilo, kwamba injini ile ikiungua, nyumba yetu ingebaki na mbuzi na aibu.

Turbo yake ikafa. Wewe fundi unaijua, lakini nawaambia hata wasiojua: ni ile konokono ya chuma inayosukumia injini hewa ili ipate nguvu. Ile ya kwanza ilipozwa na oili na maji pia. Paipu moja ilileta maji kutoka kwa injini, nyingine ikayarudisha. Guyo akapata turbo nyingine kwa lori bovu mjini, na hiyo ilitaka oili peke yake. Aliifunga vizuri, sitamnyima haki yake. Lakini zile paipu mbili za maji, za chuma zenye mpira mdomoni, zikabaki zimening'inia, midomo wazi, hazina mahali pa kwenda.

Unajua alifanya nini? Alifanya kile tunachofanya sisi wote mtungi wa maji ukipoteza kifuniko. Alichonga vijiti viwili, akavivika nailoni, akasukuma kila kimoja ndani ya mpira wake, halafu akazungushia ukanda wa blada, ule mpira wa ndani ya tairi, akikaza na meno. Akawasha. Injini ikanguruma hapo Chechelesi, mtaa wa Isiolo tulikokuwa tunakaa, kwenye kivuli cha ukuta, na hakuna tone lililoanguka. Nilimuuliza kama hivyo vijiti vitavumilia. Akaniambia nirudi kwa chai yangu.

Asubuhi tukaondoka kuelekea Kinna, sisi wawili, nyuma tumepakia unga wa nyumbani na mitungi ya maji. Hatukuwa tumefika hata Kulamawe, kijiji cha njiani. Kulikuwa na mchanga na mwinuko mdogo, gari likawa linavuta kwa shida, mara tukasikia mlio kama soda ikifunguliwa. Mvuke ukafunika kioo chote. Guyo akasimama, akainua boneti. Kijiti kimoja hakikuwepo. Kilikuwa kimeruka, na mdomo wa paipu ulikuwa unatema.

Sasa hapa nisikilize. Ndugu yangu hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka na alikuwa na aibu, na hivyo viwili vikikaa pamoja kichwani mwa kijana hakuna nafasi ya kitu kingine. Akakata kijiti kingine cha mgunga hapo hapo kando ya barabara. Alitaka kukipigilia, amwage maji ya mtungi kwa rejeta ikiwa bado inachemka, na twende. Kulamawe ni hapo tu, akasema, tutafika polepole.

Nikaingia ndani ya gari nikachomoa ufunguo, nikaufunga kwa pindo la leso.

"Nipe ufunguo," akasema.

"Sikupi."

"Mimi ni kaka yako mkubwa."

"Najua. Nitakuheshimu tukifika nyumbani."

Mwanangu, kwetu msichana hamnyimi kaka yake mkubwa kitu, tena barabarani. Kina mama waliokuwa wanapita na punda walisimama wakatutazama. Mmoja akamwambia mwenzake kwa Kiborana kwamba huyu hataolewa. Guyo aliniuliza injini nimesomea wapi, kwa zizi? Sikuwa nimesomea popote, hata shule yenyewe niliona mlango tu. Lakini nilijua maji yametoka na moto umebaki, na nilijua baba hana ngamia wengine wa kuuza. Nikapanda juu ya magunia ya unga nikakaa. Alizunguka lile gari akinitukana mpaka akachoka, kisha akakaa kwenye kivuli cha gari, na injini ikapata muda wa kupoa.

Ndipo likaja lori la mbuzi, na dereva wake Mzee Ekai, Mturkana wa Isiolo aliyejulikana na kila mtu kwa barabara ile. Akatuuliza habari. Nikamwambia mbaya. Akainama chini ya boneti, akachomoa kijiti kilichobaki, akakigeuzageuza kama mtu anayekagua mswaki.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi," Guyo akasema.

"Kijana, wewe ulifunga mtungi. Mtungi maji yake yamelala. Haya yanachemka na yanasukuma, na ukiongeza mzigo yanasukuma zaidi. Uliijaribu wapi?"

"Nyumbani. Haikuvuja."

"Na huko nyumbani ilikuwa imebeba nani?"

Mzee Ekai hakuishia hapo. Alimwambia kwamba hizo paipu, hata kama turbo haizitaki, injini bado inazijua, na maji yake bado yanafika pale. Kuziita hazina kazi ni kujidanganya. Halafu akatoa kwenye lori lake kipande cha mpira mgumu na klipu mbili, akamfanya Guyo mwenyewe aunganishe mdomo wa paipu moja na wa ile nyingine, ili maji yanayotoka yarudi yalikotoka. Tukangoja mpaka mkono uweze kukaa juu ya rejeta, tukafungua kifuniko, tukajaza maji taratibu mpaka hewa ikaisha. Nikafungua pindo la leso.

Tulifika Kinna. Baba alituona tulivyochafuka, na kabla sijafungua mdomo Guyo akamweleza yote, kijiti na ufunguo na matusi. Mzee aliuliza jambo moja tu, kama injini ni nzima. Guyo akasema ni nzima. Baba akanigeukia, akaniambia nikanywe maziwa.

Tuliporudi Isiolo ule mpira haukuwa unavuja hata kidogo, na ningekuwa mimi ningeuacha. Guyo alikataa. Alizing'oa zile paipu kwenye shina, pale zinapotokea kwa injini, zimeshika kutu, mpaka ngozi ya vidole ikatoka, akaziba matundu yake kwa bolti mbili zenye wosha za shaba. Kisha akapakia mawe nyuma, akapanda na gari mlima wa kuelekea Meru, akarudi, akangoja lipoe, akapitisha kidole kila mahali. Kikatoka kikavu. Hapo ndipo alipobeba abiria.

Basi mwanangu, maneno yangu ni haya. Ukitoa kitu kwa injini, au kwa nyumba, au kwa kazi yoyote, angalia umeacha nini wazi, na ukifunge kwenye shina. Usijisifu kwa sababu hakikuvuja kivulini. Kipe mzigo, kipe mlima, halafu urudi ukiguse tena. Na dada yako akikuuliza swali, mjibu. Usimtume kwa chai.

Mungu aipe mikono yako nguvu na subira ya kurudia kazi. Akulinde na haraka, akulinde na aibu inayokataa kuuliza. Na kila mama atakayepanda gari ulilofunga wewe, afike kwake salama na asijue hata jina lako. Amin.