Simenti Uani kwa Afande Wamono

Nakumbuka asubuhi moja kule Nabuyonga, Mbale, ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri. Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu nasikia umeajiriwa na shirika linalotengeneza mitaa hapa Mafubira, na kiherehere chako nakijua, umekirithi kwangu.

Nilikuwa kijana wa Mpumudde, Msoga mtupu, nimetumwa Mbale na shirika la namna hiyo hiyo. Kazi yetu ilikuwa kuondoa matope mtaani: kuchimba mifereji na kumwaga simenti kwenye nyua za watu. Tuliitisha mikutano, watu wakapiga makofi. Aliyepiga zaidi alikuwa Afande Wamono, askari jela mstaafu. Ua wake ndio tulioanza nao, akatuchinjia na kuku. Nilijiona mwamba kwelikweli.

Simenti haijazoeleka, asubuhi hiyo mzee akaja kunitafuta.

"Kijana, mimi nashukuru sana kwa simenti. Sasa leta nyundo, tuvunje."

Nikadhani ananitania. Kumbe mwaka ule ulikuwa wa imbalu, tohara ya Wagisu, wenyeji wa Mbale. Kijana hupakwa matope, akasimama wima uani kwao akitahiriwa mbele ya umati, na akitetemeka tu, aibu inaupata ukoo mzima. Mjukuu wa mzee, Musa, alikuwa amefiwa na baba. Alitakiwa kusimama pale pale baba yake aliposimama, na pale palikuwa chini ya simenti yangu.

"Lakini afande, mkutanoni ulisema ndiyo."

"Hata sasa nasema ndiyo. Simenti ni mzuri. Lakini huyu mtoto hawezi simama juu ya simenti."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Wewe uliuliza kama tunataka matope. Nani anataka matope?"

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Wiki ile ile wafadhili walikuwa wanakuja, na ua wa Afande ndio ambao bosi wangu alitaka kuwaonyesha kwanza. Nikivunja, huenda kazi sina. Nisipovunja, Musa atasimama wapi? Nikapendekeza tuzoe udongo tuumwage juu ya simenti. Wazee wa ukoo walicheka mpaka wakafuta machozi, na mmoja akasema nikizidi kusumbua wataanza na mimi. Musa peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama chini kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yao.

Nikavunja. Sikuwa nimeshawishika, usije ukanisifia bure. Uso wa yule kijana tu ulinishinda.

Siku yake ilipofika Musa alisimama kwenye udongo ule, hakupepesa hata jicho. Niliyelia ni mimi, na sijui nilichokuwa nikililia. Wafadhili walipokuja walikuta shimo la matope katikati ya ua wetu wa mfano, wakalipiga picha. Bosi hakunifukuza, hakunisifu, wala hakuniuliza kitu.

Mvua zilipoanza, Afande Wamono akanijia tena.

"Kijana, hii shimo mtaziba lini? Matope inaingia kwa nyumba."

"Na mdogo wake Musa je, afande? Si naye atasimama hapo?"

"Huyo wakati yake bado. Ikifika, utakuja kuvunja."

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukifika kwa watu, usiishie kuwauliza wanataka nini. Waulize pale mahali panafanyiwa nini, mwaka huu na mwaka ujao, na ni nani wa kwao aliyewahi kusimama pale. Wakikubali leo na kukataa kesho, usiwaite vigeugeu. Mtu anaweza kutaka simenti na udongo mahali pamoja, na vyote viwili ni haki yake, kwa sababu ua ni wake. Wewe utachanganyikiwa. Changanyikiwa, lakini usiondoke.

Mungu akubariki katika kazi hiyo, akulainishie moyo, na kila ua utakaokosea, wenyewe wakukaribishe tena.