Video Niliyoificha Niliporudi kutoka Lesotho

Nilikwenda milimani kwa sababu nilijiona kwenye video na sikupenda nilichokiona. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa nashona Yeoville, hapa Johannesburg. Mteja mmoja aliyeniletea suruali ya theluji iliyochanika ndiye aliyenipeleka Lesotho mara ya kwanza. Nikapanda ubao wa kutelezea kwenye theluji, nikaanguka siku nzima, nikapenda. Baada ya misimu mitatu nilijihesabu bingwa, mpaka nilipojirekodi: mgongo umepinda, makalio yako nje, ubao unaburuzika kiubavu na kukwangua theluji kama fagio. Wanaojua hawaburuzi. Wanaulaza ubao juu ya ukingo wake, ukingo unachonga theluji, na nyuma yao unabaki mstari mmoja mwembamba. Huo mstari ndio niliokwenda kuutafuta.

Tulikuwa watatu. Dezire, Mrundi anayelinda jengo moja la ghorofa Hillbrow, ndiye mwenye gari, kwa hiyo ndiye mkubwa wa safari. Furaha, msusi kutoka Bukavu, ana kiti chake katika saluni iliyo jirani na duka langu. Alianza kuteleza mwaka jana tu, lakini husikiliza anapoelekezwa. Mimi huwa naona ninajua tayari.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri tuliondoka. Tulipofika mji wa Bethlehem jua lilikuwa limepanda kidogo, na mashamba ya jimbo la Free State yalikuwa makavu, yameunguzwa na baridi. Mpakani afisa alizitazama pasi zetu, moja baada ya nyingine, akacheka.

"Nyinyi wa nchi za joto, mnafuata nini huko juu?"

"Tunafuata kuanguka," Furaha akamjibu, naye akatugongea mihuri huku anacheka bado.

Kutoka hapo barabara ilipanda kwa kona kali hadi masikio yakaziba. Saa nane mchana tulifika kwa Mme Lineo, mama wa Kisotho anayepangisha vyumba karibu na mteremko. Alitupa supu ya maharage, akatuonya: "Asubuhi theluji inakuwa barafu. Msitoke kabla ya saa nne, mtavunjika."

Jumamosi tulimtii. Mpango wetu ulikuwa rahisi: mmoja anashuka, mwingine anarekodi, kisha tunakaa pembeni kutazama na kusemana. Dezire alisimama chini na simu yake. Mimi nilikuwa na kamera ndogo kwenye fimbo niliyoinyoosha nyuma ya bega, ili nijirekodi ninaposhuka pamoja na njia iliyo mbele. "Kunja magoti, Fundi!" Dezire alinipigia kelele. "Usitazame miguu, tazama unakokwenda!" Furaha alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba kona zake nzuri zote hutokea wakati hakuna anayemrekodi.

Saa saba mchana nilimfuata Furaha kwa nyuma, nikitokea juu yake. Sheria ya mteremko ni ya kwanza kufundishwa: aliye juu ndiye anayempisha aliye chini, maana aliye chini hana macho kisogoni. Niliijua. Lakini macho yangu yalikuwa nyuma ya bega, kwenye kioo cha kamera, najitazama nilivyolala vizuri juu ya ukingo. Nikamgonga mgongoni. Tulibiringika pamoja, na yeye akaangukia mkono wa kulia.

Neno langu la kwanza halikuwa pole. Nilisema, "Umenikatia njia!"

Furaha alikuwa amepiga magoti, ameshika kiganja chake. "Pardon, yaya," akasema, kama kwao Bukavu wanavyomwita mkubwa wao. "Sikukuona."

Angenionaje? Nilikuwa nyuma yake. Dezire alifika akihema. Wakati tunagongana alikuwa ameinama akikaza kamba za buti. Akaniuliza kilichotokea, nikasema Furaha aliingia mbele yangu.

"Kamera yako imechukua?"

"Betri iliisha," nikamjibu.

Muuguzi wa pale mlimani aliufunga ule mkono. Haukuvunjika, ulikuwa umeteguka, lakini alimkataza kusuka kwa wiki tatu. Furaha aliuliza mara mbili, "Wiki tatu?" Jioni, kwa Mme Lineo, nilijifungia bafuni nikaitazama video. Kosa lilikuwa langu, wazi kabisa. Sikuifuta, na sababu yake inanitia aibu kuliko uongo wenyewe: kabla tu ya kugongana nilikuwa nimekata kona safi, nikataka kubaki nayo.

Jumapili tulirudi. Furaha alikaa nyuma, mkono kifuani. Karibu na mpaka Dezire akamwambia kwa upole, "Dada, safari yetu ya Agosti utapumzika. Anayekatia wenzake njia ataua mtu." Nami niliyekaa kiti cha mbele nilitazama dirishani hadi Johannesburg.

Jumatano niliingia saluni. Msusi mwingine alikuwa anamsuka mteja wa Furaha, na Furaha mwenyewe amesimama kando anamshikia nywele kwa mkono wa kushoto. Nikamwita pembeni, nikampa simu niliyoihamishia ile video.

"Betri haikuisha," nikasema.

Akatazama hadi mwisho. "Rudisha nyuma." Akatazama tena, akaisimamisha kabla sijamgonga. "Njo hii! Ndiyo hii kona! Nilimwambia Dezire niliikata, hakuniamini." Aliniwekea simu usoni. Pale mbele yangu, pembeni mwa picha, Furaha alikuwa amelala juu ya ukingo, mkono unakaribia kugusa theluji, na nyuma yake mstari mmoja mwembamba. Nilikuwa nimeitazama video ile labda mara ishirini. Yeye sikuwahi kumtazama.

Kisha uso wake ukabadilika. "Nilikuomba pardon."

"Uliniomba."

"Na ulipokea."

Wanawake wa saluni walikuwa wameacha kusuka, wanasikiliza.

"Tuma kwenye kundi letu la safari, Dezire aone," akasema. "Sasa hivi, nikiona."

Nikatuma. Dezire alipiga simu kabla sijafika mlango wa duka langu. Hakugomba. "Fundi," alisema, "Agosti utabaki wewe."

Nikabaki. Nilikwenda Lesotho nijifunze kuulaza ubao, na hilo kwa kiasi nimelijua. La pili sikulifuata, lakini ndilo lililorudi nami: naweza kumwangusha mtu, nikamwacha aniombe msamaha, nikapata usingizi. Siku hizi Furaha ananisalimia kila asubuhi akipita dukani, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi huitikia nikiwa nimeinamia cherehani, hata ikiwa haina kitambaa.