Tulilieni Wawili

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Rumonge kwamba yule bibi muuza mawese, jirani na soko la samaki, amefariki. Wasomaji wa safu hii hamkumjua, nami si ndugu yake. Habari iliponifikia alikuwa ameshazikwa, lakini khitma ilikuwa bado, kwa hiyo nilipanda gari la asubuhi kutoka Bujumbura. Njia nzima, hata tulipopita Minago, nilikuwa nikijiuliza kama nina haki ya kwenda, nikifika nitakaa upande gani, na kama watu watadhani nimekuja na maswali yangu tena. Ndivyo nilivyo. Nikikaribishwa chai, hufikiria kwanza kikombe nitakishikaje.

Tulijuana kwa sababu ya kazi. Nilipomaliza chuo kikuu nilipata nafasi katika biro moja inayopima jinsi watu wa mwambao wa ziwa wanavyostahimili majanga na kuinuka tena. Tunauliza, tunasikiliza, kisha kila mtaa tunaupa alama, kutoka moja hadi tano. Bibi alinipokea kwa salamu ya amahoro na kigoda, akaanza kunisimulia jinsi ziwa lilivyopanda miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, yeye akiwa msichana. Maji yalipofika uani, baba yake hakushika godoro wala sufuria, aling'oa mlango. Udongo wa kujengea unachimbwa popote, lakini mbao na bawaba zilinunuliwa kwa jasho. Akaubeba kichwani hadi kiwanja cha juu, hapo hapo tulipokaa, mama akimfuata na mdogo wake Bibi mgongoni, akilalamika kwamba amechoka. Baba akakataa wabadilishane mizigo, "maana huyu mutoto iko mwepesi, na tukimwangusha atalia tu, mlango ukianguka unapasuka." Wakausimamisha mlango kabla ya kuta, na majirani waliokuja kusaidia kujenga walikuwa wanabisha hodi kwanza, kwa mzaha, kisha wanaingia kwa pembeni. Nilicheka, nikaandika tano. Nilifurahi, maana ni nadra kupata jambo linalokaa sawasawa ndani ya kipimo.

Ndipo akaniuliza mbona siulizi habari za sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Nikamweleza, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kwamba kipimo chetu kilitengenezwa kwa mafuriko, ukame na upepo. Akaniuliza tena:

"Kwa hiyo maji iko janga, lakini lori hapana?"

Akaendelea. Mume wake alikuwa seremala wa milango. Waliitwa wanaume kadhaa kwenye mkutano katika ofisi ya serikali, komini, naye Bibi akampigia pasi shati jeupe, kwa sababu kwenye mkutano mtu haendi ovyo. Lori liliwachukua, na hakurudi yeye wala shati. Baada ya hapo hapakuwa na matanga. Aliyelia aliulizwa anamlilia nani na kwa nini, na jibu lingeweza kuwapeleka wengine lorini. Kwa hiyo Bibi hakukaa eda. Aliweka ndoo ya mawese mlangoni, akauza. Na wanawake wa mtaa, ambao kwa desturi huenda msibani na unga, walimjia mmojammoja na unga wa muhogo, kana kwamba wanabadilishana na mafuta. Walileta bakuli zima, wakachukua kijiko. Walikaa naye kidogo, wakaondoka. Askari aliyepita njiani aliona biashara. "Angeniuliza," Bibi alisema, "ningemwambia bei."

Niliyapeleka hayo kwa mkubwa wangu, nikidhani nimeokota dhahabu. Akasema vizuri sana, mtaa ulishikamana, nyumba sasa zina mabati, soko limejaa samaki wa ndagala na mawese. Weka tano hapo pia. Nilirudi Rumonge kumwambia Bibi, kwa furaha isiyokuwa na uhakika. Hakufurahi.

"Tano ya nini? Mutu wangu hajaliliwa. Siku nikifa, mutulilie wawili, kwa sauti. Kisha mje mupime."

Jirani yake, mwanamke wa rika lake aliyekuwa akimenya muhogo pale, akamjibu kwamba hafi leo wala kesho, Izraili mwenyewe akija watashindana bei mpaka achoke arudi zake. Walicheka wote wawili. Mimi sikujua kama nicheke.

Kwa hiyo nilipoingia uani kwa ajili ya khitma, jambo moja tu lilikuwa moyoni mwangu: je, wataliliwa wawili? Wanaume tulikaa kwenye mikeka nje, wanawake ndani. Kaka yake Bibi, mzee mpole, akainama kwa mwalimu wa msikiti akamwomba asome kwa ajili ya marehemu peke yake. Mambo yale yamepita, alisema, tusiyachokoze. Nilimsikia vizuri. Nilianza kupanga sentensi: nianze na pole, au nianze na heshima, au niseme nilikuwa shahidi? Nilikuwa bado naipanga pale yule jirani wa Bibi aliyekuwa akimenya muhogo alipotokea kwenye mlango, ule ule uliobebwa kichwani. Alikuwa na bakuli la unga. Akaliweka kizingitini.

"Kaka, ile mwaka nilileta unga hapa nikasema nanunua mawese. Nilidanganya. Leo sinunui."

Kisha akalitaja jina kamili la mume wa Bibi, lake na la baba yake mzazi, kwa sauti iliyofika barabarani. Ndani kikongwe mmoja akaanza kulia, na kilio chake kikapokewa na wengine ambao, kwa umri wao, walijua wanamlilia nani. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akakaa hivyo. Hatimaye akasema polepole, "Mwalimu, soma ya wawili."

Nimefikiria sana, kama kawaida yangu, na safari hii nimefika mahali. Watu wanaoweza kuhama na mlango watajenga nyumba tena, msiwe na shaka nao. Lakini bati na soko ni ushahidi wa bidii tu. Mtaa ambao bado unamlilia mtu wake kwa kujifanya unanunua mafuta haujainuka. Umevumilia, na anayeuita uvumilivu huo kupona ana haraka ya kufunga mjadala. Nimewaandikia wakubwa wangu kwamba tano ile naifuta, na kwamba swali la kwanza, kila mahali, liwe hili: nani hajaliliwa? Wakilikataa, watafute mwingine wa kuwajazia alama. Sisi huku tutalia mchana, mlango ukiwa wazi, na mwenye kutaka kujua tunamlilia nani apite aulize. Tutamtajia jina.