Sauti Ndogo kwa Mtu wa Karasha

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Makoye alifanya kazi ya karasha, katika eneo la wachimbaji wadogo karibu na Bulyanhulu. Karasha ni pipa la chuma linalozungushwa kwa mashine, na gololi zilizomo ndani huyasaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Wenzake walijaza pamba masikioni. Yeye alikataa, kwa kuwa aliyajua mawe kwa kuyasikiliza: yakiwa mabichi hugongana kwa kelele kali, yakiiva hubaki mvumo mzito tu.

"Nikiziba masikio, nitajuaje kama yameiva?" aliwauliza. Wenye mawe walikuwa wakimgombania.

Sasa anaishi Kambarage, mjini Shinyanga, pamoja na mkewe Juliana, akiwa na mlio masikioni usiokatika, kama nyenje aliyefungiwa kichwani. Humzidi kanisani, watu wanapoinama kusali kimya. Mara nyingi huinuka akatoka nje. Jirani mmoja alimwambia kuwa masikio yakilia, mtu anasengenywa. "Basi wanaonisengenya hawali wala hawalali," alijibu.

Juliana alimpeleka kwa Zahida, mtaalamu wa masikio, binti wa familia yenye duka la vitambaa mjini hapo. Zahida alimpima, kisha akamweleza taratibu kwamba usikivu wake umepungua na kwamba hana dawa ya kuuzima mlio ule. Hata hivyo, upo utaratibu wa kutumia sauti: kifaa kidogo hukaa sikioni na kutoa mvumo hafifu, ili mtu azoee polepole kutoujali mlio.

"Sauti juu ya sauti?" Makoye aliuliza.

"Ndiyo, baba. Lakini iwe chini ya mlio wako, isiufunike. Jaribu kwanza kwa redio. Iweke mahali pasipo na stesheni, kwa sauti ndogo. Baadaye tutazungumzia kifaa."

"Binti yangu, mtu wa karasha unamtibu kwa sauti ya chai inayochemka?"

Zahida alicheka. "Hiyo hiyo ya chai, baba."

Nyumbani, Makoye aliiongeza redio mpaka mwisho.

"Baba Ritha!" Juliana alipaza sauti kutoka jikoni. "Unakaanga samaki wa mtaa mzima?"

Ndipo Makoye alipofikiri kwamba, kama sauti ni dawa, yeye anaijua iliyo kubwa zaidi. Aliaga kuwa anakwenda kumsalimia Boaz, mwenzake wa zamani kule machimboni, akaenda kusimama kando ya karasha masikio wazi. Mlio ukazama. Alikaa pale hadi mashine ilipozimwa, machozi ya faraja yakimtoka. Kisha mlio ukarudi, mkali kuliko awali.

Siku chache baadaye Ritha, binti yao aliyeko Geita, alipiga simu. Makoye alisikiliza kidogo, akampa mkewe ile simu. "Niambie anasema nini," alisema, na hakumtazama.

Zahida alimpima tena, naye Makoye akakiri alikokwenda. Safari hii hakucheka.

"Sikio la kushoto limeshuka, baba. Karasha liliuficha mlio huku likikuumiza. Ukirudi tena, unaweza kupoteza hata hiki kidogo kinachokuwezesha kumsikia mwanao."

"Na kifaa chako kitauondoa mlio?"

"Siwezi kukuahidi. Wapo wanaopata nafuu baada ya miezi mingi. Wapo wasioipata."

Makoye alirudi nyumbani bila kusema kama atakichukua.

Juma lililofuata Boaz alifika kwa pikipiki. Makoye alikuwa ameketi mlangoni, redio ikivuma kwa sauti ndogo miguuni pake.

"Mwangaluka, mzee," Boaz alimwamkia kwa Kisukuma. "Twende. Mawe yapo, na hatujui yanaiva saa ngapi."

"Tafuteni mtu mwingine."

"Mwenye masikio kama yako tutampata wapi?"

"Masikio gani, Boaz?" Makoye alimkemea. "Masikio gani?"

Boaz aliwasha pikipiki na kuondoka. Ngurumo yake ilipofifia, mlio ulipanda juu ya redio. Makoye alipeleka mkono kwenye kitufe cha sauti, akauacha hapo kwa muda, akauondoa. Alimwita Juliana.

"Mwambie yule binti tutakijaribu kifaa chake. Na umpigie Ritha. Simu nipe mimi."

Aliibana simu kwenye sikio la kulia na kufumba macho.

"Sema polepole, mwanangu," alisema. Kisha, akiikaza simu zaidi sikioni, "Sema tena."